Nimerudi Kusahihisha Ushuhuda wa Nusu Karo

Bwana asifiwe! Nasema tena asifiwe, hata kama leo nimesimama hapa na mambo mengine bado siyaelewi. Pastor amenipa dakika kumi. Ndugu zangu, nikizidisha mnivumilie, maana jambo lenyewe lilinichukua miaka miwili.

Wengi mnanijua. Mimi ni Mama Wakesho, nauza mitumba pale soko la Voi, nguo za kina mama. Nyumbani ni Rukanga, chini ya mlima Kasigau. Mume wangu yule pale nyuma, karibu na mlango. Ni mlinzi katika ranchi huko Kishushe, na kwa barabara ile na magari yale ya kubahatisha, humu kanisani mnamwona kama mnavyoiona mvua. Mtoto wetu wa kwanza ndiye Wakesho, huyu mwenye kitambaa cha kijani. Anasomea sheria chuo kikuu.

Miaka miwili iliyopita nilisimama mahali hapa hapa nikainua barua juu. Mnaikumbuka? Niliinua kwa mikono miwili, nikalia, nikasema Mungu amemlipia Wakesho nusu ya karo. Mama mmoja akapiga kigelegele mpaka watoto wa Sunday school wakatoka nje kuangalia. Barua ilikuwa imetoka kwa chuo kimoja cha binafsi. Sitakitaja jina, maana sikuja kumshtaki mtu. Ilisema hivi, na naijua kwa moyo kuliko namba yangu ya kitambulisho: hongera, kwa sababu ya alama zako nzuri umepewa ufadhili wa asilimia hamsini ya karo ya shahada ya sheria.

Karo ilikuwa laki mbili kwa mwaka. Nusu yake, hata kuku anajua, ni laki moja.

Ndugu zangu, mlinisaidia. Kadi za harambee zilizunguka, kamati ikakaa, na jioni ya Jumapili ile tukapata laki moja na elfu tatu. Mwenyekiti akauliza, "Mama Wakesho, imetosha ama tuongeze wiki mbili?" Nikasema, "Imetosha! Mungu amefanya!" Nyinyi mnajua desturi yetu. Kamati ikishavunjwa na kadi zikarudishwa, imekwisha. Mtoto mmoja hafanyiwi harambee mara mbili, hata kama ni mtoto wa chifu.

Halafu nikafanya lile jambo ambalo hadi leo likinijia nikiwa napika, naacha mwiko. Fomu za bursari ya wadi zilikuwa zimetoka. Mama mmoja wa kamati ya hiyo bursari, jirani yangu kabisa, aliniletea fomu mpaka kwa kibanda. Nikamwambia, "Mpe mwingine mwenye shida. Sisi tumefadhiliwa." Nikajisikia mtakatifu! Nilienda nyumbani nikiimba.

Tulipofika chuoni kumsajili Wakesho, nikaweka ile laki moja mezani. Kijana wa ofisi ya karo akahesabu vizuri, akapiga risiti, akasema, "Asante mama. Sasa zile zingine."

Zingine zipi?

Akanipa karatasi. Pesa ya usajili. Pesa ya mitihani. Ya maktaba. Ya kompyuta. Ya matibabu. Ya chama cha wanafunzi. Ya mahakama ya mazoezi, yaani kuna chumba wanafunzi wanavaa joho wanajifanya mawakili, na kujifanya huko kunalipiwa. Jumla elfu arobaini na sita. Nikamwambia, "Mwanangu, sisi ni watu wa nusu. Na hapa pia kata nusu." Akatabasamu, kijana mwenye adabu sana, akasema ufadhili ni wa mafunzo peke yake. Zile zingine hazikatwi. Halafu hosteli elfu arobaini na nane, nayo pia si mafunzo.

Mimi ni mtu wa biashara. Niliketi kwenye benchi la nje nikajumlisha na kidole juu ya gauni. Laki moja, na arobaini na sita, na arobaini na nane. Laki moja na elfu tisini na nne. Nikajumlisha tena. Ndugu zangu, nusu ya laki mbili imekuwa laki mbili kasoro elfu sita! Nilimwangalia Wakesho, naye akaniangalia. Alikuwa na alama ya A ya hesabu, na hata yeye alipojumlisha alipata ile ile. Na chakula bado hatujataja.

Sasa mtu mwenye akili angerudi hapa aseme, jamani, nilikosea, ile nusu si nusu. Mimi nilishindwa. Ningeanzaje? Nilikuwa nimelia mbele yenu. Ushuhuda umeshatolewa, watu wameshasema amina, unaurudisha vipi? Niliogopa mtasema nimewadanganya, ama mbaya zaidi, mseme Mungu amenidanganya. Kwa hivyo nikanyamaza. Nikaanza kuishi maisha mawili. Jumapili mnanisalimia, "Mama wakili! Ule ufadhili unaendelea?" Nasema unaendelea, Bwana ni mwema. Jumatatu natafuta wa kunikopesha.

Nilikopa kwa chama. Nikaacha kununua mzigo wa kamera, zile nguo za kwanza kabisa zenye bei, nikawa nachukua za chini, zile za kufua mara tatu ndipo ziuzike. Halafu nikauza mbuzi wa Baba Wakesho. Sita. Mmoja mmoja, ili majirani wasihesabu. Yeye alikuwa Kishushe, na simu huko hushika ukipanda juu ya jiwe, kwa hivyo hakuwa na habari. Alipokuja likizo akasimama kwa zizi muda mrefu. Akauliza, "Mbuzi wangu wako wapi?" Nikamwambia wako kwa dada yangu ng'ambo ya mlima, kuna majani huko. Akaitikia. Nilimdanganya mume wangu kwa ajili ya barua yenye neno hongera.

Na mwaka wa pili ndio ukaja na mambo ambayo akili yangu ilikataa. Chini kabisa ya ile barua kulikuwa na maandishi madogo ambayo sote hatukuyasoma, kwa sababu tulikuwa tunalia kwa furaha. Yalisema ufadhili unaendelea kama mwanafunzi atapata wastani wa alama sitini. Wakesho alipata hamsini na nane. Na somo lililomwangusha, jamani, nisameheni nikicheka, lilikuwa lile la mikataba! Anasomea kusoma mikataba na sisi wote hatukuwa tumesoma wetu.

Wakakata ufadhili kutoka nusu mpaka robo. Tukawa tunadaiwa laki mbili na elfu arobaini na nne kwa mwaka. Fikirieni hapo. Bei yenyewe ilikuwa laki mbili, na mimi niliyepunguziwa nalipa kuliko bei! Nilimuuliza Wakesho, "Na wale ambao hawakupunguziwa wanalipa nini?" Akasema, "Mama, nimeuliza darasa lote. Hakuna." Hakuna nini? "Hakuna ambaye hakupunguziwa. Kila mtu ana barua ya hongera."

Nilikaa chini. Kila mtu?

Kila mtu. Mwingine asilimia thelathini, mwingine arobaini. Msichana anayelala naye chumba kimoja, anatoka Bomeni kule Taveta, babake ni mkulima wa ndizi, ana asilimia sitini, na alama zake za sekondari zilikuwa chini ya za Wakesho. Nikauliza hizo sitini alizipataje. Wakesho akasema babake alienda ofisini, akauliza.

Akauliza nini? Wakesho hakujua. Aliuliza tu.

Ndugu zangu, mimi niliomba. Nilifunga siku tatu. Lakini niwaambie ukweli, sikujua hata naomba nini. Mtu akiumwa anaombea ugonjwa wake. Mimi nilipiga magoti nikasema, Bwana, nisaidie na karo, halafu nikakwama, kwa maana karo ni ngapi? Sikujua. Kila semista ilikuwa na namba yake. Nilikuwa naomba gizani, sijui mlango uko wapi wala kama nyumba ina mlango. Na ofisi ilikuwa imetuma ujumbe kwamba asiyemaliza kulipa hatafanya mtihani. Zilikuwa zimebaki wiki tatu. Wakesho alishaanza kusema ataacha, arudi tuuze nguo pamoja.

Sasa sikieni alivyofanya Mungu. Hakutuma malaika. Alituma nyanya mmoja wa kutoka kwetu Kasigau, na alikuja kununua blauzi.

Ilikuwa mchana, jua la Voi mnalijua. Nyanya akashika blauzi ya maua, akauliza ngapi. Nikasema mia sita, lakini kwa sababu wewe ni mama yetu, nakukatia nusu, chukua kwa mia tatu. Blauzi ile mimi nilikuwa nimeinunua mia moja. Hakuna siku hata moja nimewahi kuuza blauzi mia sita, tangu nianze kazi ile. Mia sita huwa naisema ili mtu afurahi ikishuka. Sisi wote pale sokoni tunafanya hivyo, na mkikataa nitawataja.

Nyanya hakufurahi. Aliirudisha blauzi polepole, akanitazama machoni, akasema, "Mwanangu, hiyo nusu ni yako. Mimi niambie ya mwisho. Na kama kuna kitu kingine cha kulipa, niambie sasa, kwa sababu nikitoka hapa sina ya kurudia."

Nilisikia ile barua yote, kutoka hongera mpaka mwisho, ikisomwa na sauti yangu mwenyewe! Kwa sababu wewe ni mtu wetu, nakukatia nusu. Miaka kumi na miwili nasema maneno hayo kila siku, na siku niliyoambiwa mimi, nililia nikaenda kanisani kutoa ushuhuda! Nyani haoni nini yake, mnaijua hiyo methali, Pastor nisamehe. Nilikaa juu ya mzigo nikacheka, halafu kicheko kikageuka nikawa nalia, na nyanya akadhani nimeshikwa na kitu, akaanza kuniombea hapo hapo kwa Kidawida. Nilimpa ile blauzi bure. Alikataa. Alilipa mia moja na hamsini, akaenda zake.

Kesho yake nilifunga kibanda nikaenda chuoni. Nilimkuta yule kijana mwenye adabu. Nikamwambia, "Mwanangu, leo sikuja na pesa. Nimekuja na swali. Bei ya mwisho ni ngapi?"

"Ya semista hii, mama?"

"Hapana. Kutoka leo mpaka siku huyu mtoto anavaa joho la ukweli, lile lisilo la mazoezi. Kila kitu. Ngapi?"

Akafungua kompyuta, akafunga. Akasema, "Mama, hiyo hatuna." Nikasema basi tuitengeneze, nina siku nzima. Akamwita bosi wake, mama mmoja mwenye miwani. Wakaanza kujumlisha, kila mtu na kikokotoo chake. Ndugu zangu, mbele ya macho yangu, watu wawili wa ofisi moja wakapata namba mbili tofauti! Walibishana juu ya pesa ya mitihani, kama ni ya semista au ya mwaka. Nilishangaa, na hapo hapo nikapata amani ya ajabu. Nilisema moyoni, kumbe si mimi peke yangu. Miaka miwili nilidhani ni ujinga wangu.

Walipokubaliana, yule mama akaniandikia namba moja kwenye karatasi moja, akapiga muhuri. Ilikuwa kubwa. Lakini niliishika nikasema haleluya kwa sauti, mpaka watu wa foleni wakageuka. Kwa maana sasa nilikuwa na kitu cha kuombea! Adui asiye na jina utamkemea vipi?

Halafu nikauliza lile la pili, lile nadhani baba wa Bomeni aliuliza. Nikasema, "Na punguzo lingine lipo?" Yule mama akavua miwani. Akasema lipo, la wazazi wenye kipato kidogo, linaombwa kwa barua ya chifu. Na maktaba huchukua wanafunzi wa kupanga vitabu, na kazi hiyo hulipia hosteli. Nikamuuliza, "Mbona hamkutuambia?" Alinijibu bila ubaya wowote: "Mama, hamkuuliza."

Hilo jibu nimeliwaza sana. Bado silielewi. Mtu ataulizaje kitu asichojua kipo? Lakini mimi pia, ni mteja gani nimewahi kumwambia kwamba angenisukuma kidogo angepata kwa mia moja na hamsini?

Barua ya chifu ilipatikana kwa siku mbili. Ufadhili ulirudi nusu, na safari hii barua niliisoma mpaka ile mistari ya chini, midogo kama wadudu, Wakesho akinitafsiria neno kwa neno. Nikapanda kwenda Kishushe mwenyewe, nikamwambia Baba Wakesho yote, mpaka ya mbuzi. Akauliza tena, "Kwa hivyo mbuzi wako wapi?" Nikamwambia, "Wameenda kusomea sheria." Akacheka mpaka akashika mti. Akasema yeye alijua tangu siku ile kwa zizi, kwa sababu dada yangu ng'ambo ya mlima hafugi mbuzi, anawachukia. Alikuwa anangoja niseme. Akatoa akiba yake ya ranchi, tukamaliza deni la semista. Wakesho alifanya mtihani. Sasa yuko mwaka wa tatu, anapanga vitabu kila jioni, na lile somo la mikataba amelirudia akapata sabini na moja. Mpeni Bwana makofi!

Sasa msidhani mambo yote yamenyooka. Jana Wakesho ananiambia, "Mama, kuna kitu." Nikamwambia sema pole pole. Kumbe baada ya digrii, ili mtu asimame kortini, lazima aende Nairobi mwaka mwingine, shule nyingine ya mawakili, karo nyingine. Ile karatasi yangu yenye muhuri haikuandika hiyo kwa sababu hiyo si yao. Niliangalia juu nikasema, Bwana, hii ya mwisho ina mwisho kweli? Lakini sikulala nikilia kama zamani. Nilichukua kalamu nikamwambia Wakesho, Jumatatu ofisi zikifunguliwa utapiga simu huko Nairobi, na swali unalijua.

Kwa hivyo, ndugu zangu, leo sikuja na kadi. Msiogope, naona wengine wameshika mikoba. Harambee ya Wakesho ilishafungwa na mimi ndiye niliyeifunga. Nimekuja kurudisha ule ushuhuda wa kwanza, kwa sababu niliutoa kabla haujaiva. Nilisema Mungu ametulipia nusu. Hakulipa nusu. Ile nusu ilikuwa ya mwenye duka. Alichofanya Mungu ni kunitoa kwa uongo, uongo wa kuwaficha nyinyi na kumficha mume wangu, na nilikuwa nimeuvalia nguo za Jumapili. Nisameheni.

Karatasi yangu hii hapa, naiweka mezani mbele. Mzazi yeyote ambaye mtoto wake amepata barua ya hongera, na najua mwezi huu wako kama watatu hapa ndani, njoo uisome kabla hujapiga kigelegele. Mwamini Bwana kwa moyo wako wote, halafu nenda ofisini ukaulize ya mwisho. Na fomu ya bursari ikija, ndugu yangu, ijaze!

La mwisho kabisa, nikae chini, naona Pastor anaangalia saa. Siku hizi kwangu sokoni nasema bei moja. Blauzi mia mbili ni mia mbili. Wateja wamekasirika sana. Wanataka nipandishe ndipo niwashushie, wanaenda kwa kibanda cha jirani wanauziwa mia tatu, wanarudi kunionyesha jinsi walivyopunguziwa nusu. Hata hilo sielewi, mniombee. Lakini kama kuna mtu humu amewahi kununua nguo kwangu nikamwambia nakukatia kwa sababu wewe ni mtu wetu, naye akaenda nyumbani akimshukuru Mungu, tafadhali usitoke haraka. Nitakuwa pale mlangoni na Baba Wakesho. Njoo tuongee.